MJADALA: Mteja aliyeacha barua pepe ili apate ankara, ameruhusu kutumiwa matangazo?

Kisutu (mleta hoja)

Wadau, naleta hoja ambayo wenye tovuti za biashara hapa Dar wengi wanaikwepa. Mtu anaingia tovuti ya duka la vipuri Kariakoo, anaagiza pedi za breki, anaacha barua pepe ili apate ankara na ajue mzigo umefika wapi. Wiki mbili baadaye anaanza kumiminiwa ofa: matairi, oili, betri, na salamu za Idi juu yake. Mwenye duka anasema huyu ni mteja wangu, nisipomwambia nilichonacho nimwambie nani? Mimi nasema alitoa anwani kwa kazi moja, na wewe umeipa kazi ya pili bila kumuuliza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo bayana na zisichakatwe kinyume na lengo hilo. Pendekezo langu ni jepesi. Kila fomu iwe na kisanduku kitupu kilichoandikwa "Nitumieni ofa". Asipotia tiki, apate ankara yake na asisumbuliwe tena.

WakiliUpanga

Ndugu mleta hoja, umesoma sheria moja ukairuka nyingine. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinakataza ujumbe wa kibiashara usioombwa, isipokuwa mpokeaji amekubali, ujumbe unajitambulisha mwanzoni umetoka kwa nani na kwa madhumuni gani, na unampa njia ya kukataa mwingine. Halafu kinaendelea: mteja atahesabika amekubali iwapo anwani ilipatikana katika mauzo au mazungumzo ya mauzo, matangazo yanahusu bidhaa zinazofanana na alizonunua, alipewa nafasi ya kukataa naye hakukataa, na kila ujumbe unaofuata unampa tena nafasi hiyo. Yote manne kwa pamoja.

Kwa hiyo mwenye duka hana kosa kwa sababu tu fomu yake haina tiki. Hata sheria ya 2022 imempa mhusika wa taarifa haki ya kuzuia zisitumike kwa matangazo ya biashara. Kama kila tangazo lingehitaji tiki kwanza, haki hiyo ingekuwa ya kuzuia nini?

MtaaWaKongo

Nakazia kwa wakili. Tusidanganyane, tiki tupu haitiwi na mtu. Mteja ameshika simu yuko kwenye daladala, anataka kubonyeza "Lipa" amalize. Hasomi kisanduku. Ukimwekea tiki tupu umemfungia mdomo mwenye duka mdogo, wakati kampuni kubwa zina bajeti ya mabango Ubungo hadi Mwenge na wala hazihitaji anwani ya mtu. Anayekerwa ajiondoe, kiungo kipo chini ya ujumbe.

Kisutu

MtaaWaKongo, hebu rudia ulichosema: mteja hasomi kisanduku. Sasa hilo sharti la tatu la wakili, "alipewa nafasi ya kukataa naye hakukataa", linatimizwaje na mtu asiyesoma? Na mkuu wakili, niambie: fungua fomu za tovuti zetu hapa mjini, ni ngapi zina nafasi hiyo ya kukataa *wakati wa kuacha anwani*? Kiungo cha kujiondoa ndani ya tangazo la kwanza ni sharti la nne, hakifanyi kazi ya la tatu.

WakiliUpanga

Hapo sibishi. Sharti la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Ulinzi wa sheria upo, lakini fomu haijajipatia ulinzi huo. Na la pili pia lina utata wake: pedi za breki na diski za breki zinafanana, hata kipofu ataona. Pedi na oili, unaweza kutetea. Pedi na ofa ya bima ya gari ya kampuni rafiki, hapo umeshatoka nje, maana tangazo lenyewe si la bidhaa zako.

FundiSeva

Mnabishana kana kwamba mwamuzi wa mwisho ni mahakama. Mwamuzi wa kwanza ni Gmail, naye hasubiri shauri lifunguliwe.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo), na matangazo yake yawe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi lishughulikiwe ndani ya siku mbili. Duka la Kariakoo halifikishi 5,000, najua. Lakini kuna sharti la kila mtumaji, awe mkubwa au mdogo: malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, na Google wenyewe wanashauri yakae chini ya 0.1. Piga hesabu. Barua 1,000 zimeingia kikasha cha watu, watatu wakibonyeza "Ripoti taka" umeshagusa mpaka. Watatu tu! Na mtu ambaye hakumbuki kuomba ofa haangaiki kutafuta kiungo chako cha kijivu chenye herufi ndogo. Anabonyeza kitufe cha taka kwa sababu kiko juu na kinaonekana.

Sasa madhara yake. Ankara na ofa zinatoka anwani moja, domeini moja (jina linalofuata alama ya @). Sifa ya domeini ikichafuliwa na ofa, ankara nazo zinaangukia kwenye taka. Mteja anapiga simu "sijapata ankara", mhudumu anasema "tumetuma", na wote wawili wanasema kweli.

Kwa hiyo tenganisha. Ankara zitoke domeini kuu, ofa zitoke domeini ndogo, mfano ofa.dukalako.co.tz, yenye ufunguo wake wa DKIM, biti 2048. SPF iwe rekodi moja tu kwa kila jina. Nakutana na domeini zenye mbili, moja ya kampuni ya hosti (inayohifadhi tovuti) na nyingine ya huduma ya kutuma barua, kila fundi aliyepita kaongeza yake. Zikiwa mbili, seva inayopokea inahesabu ni kosa na haikubali hata moja. Ziunganishe ndani ya mstari mmoja, na usipitishe maulizo 10 ya DNS (daftari la majina ya mtandaoni) ndani yake, ukizidisha ni kosa lile lile. DMARC anza na p=none (angalia tu), soma ripoti wiki kadhaa uone nani anatuma kwa jina lako, ndipo upande kwenda quarantine (iende kwenye taka), kisha reject (ikataliwe kabisa). Ukirukia reject siku ya kwanza, mfumo wa ankara uliousahau kuuweka kwenye SPF unanyamaza.

Kosa jingine limejaa mjini: fomu ya "Wasiliana nasi" inayojifanya barua imetoka kwa mgeni mwenyewe. Mgeni kaandika anwani yake ya Yahoo, seva yako inatuma barua ikidai inatoka Yahoo. Yahoo wana p=reject. Barua inatupwa na mwenye duka hajui kwamba kuna mtu aliuliza bei. "Kutoka" iwe anwani ya domeini yako, anwani ya mgeni iweke kwenye "Jibu kwa".

MtaaWaKongo

Fundi, umetoa dawa ya kutenga domeini halafu unamsaidia Kisutu? Mimi nikishatenga, ankara ziko salama, ofa nitatuma ninavyotaka.

FundiSeva

Hapana kaka. Google wanaijua domeini mama pia, uchafu wa mtoto unamfikia mzazi, ingawa polepole. Kutenga kunakupa muda wa kugundua tatizo, hakukupi leseni.

BintiTandika

Nyote mmekaa kwenye kutuma. Mimi naomba turudi kwenye fomu, maana tatizo linazaliwa pale.

Kwanza, inaomba nini? Kuna fomu za kuulizia bei tu zinazotaka namba ya NIDA. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ukiichukua umechukua umri wa mtu bila kuuuliza, kwa ajili ya bei ya kichujio cha oili! Kwa ankara unahitaji jina, njia moja ya mawasiliano, na mahali pa kufikisha mzigo. TIN iwe hiari, kwa anayetaka iandikwe kwenye risiti ya EFD.

Pili, hesabuni nakala. Mgeni akibonyeza "Tuma", plagini ya fomu (programu ndogo iliyoongezwa kwenye tovuti) inahifadhi jibu kwenye hifadhidata ya tovuti. Nakala inakwenda kwenye kikasha cha info@, ambacho nywila yake wanaijua mapokezi, mhasibu na kijana wa stoo aliyeacha kazi mwaka jana. Kutoka pale mtu ananakili kwenye Excel. Excel inapakiwa kwenye huduma ya kutuma ofa. Usiku hosti inachukua nakala rudufu ya vyote. Anwani moja, sehemu tano, na sera ya faragha iliyonakiliwa kutoka tovuti ya Marekani inasema "tunahifadhi taarifa zako kwa usalama".

Sasa mteja anaandika "futeni taarifa zangu". Mnafuta wapi? Ankara hamwezi kufuta, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zikae miaka 5. Mwambieni hivyo waziwazi. Jibu la fomu futeni. Plagini nyingi zina sehemu ya kupanga majibu yafutike yenyewe baada ya siku 30 au 90, na kwa kawaida imezimwa. Excel futeni, kwanza isingekuwepo. Lakini kwenye orodha ya ofa *msifute tu*. Mkifuta, mwezi ujao mtu atapakia Excel ya zamani na mteja atarudi upya, safari hii akiwa na hasira. Mwingizeni kwenye orodha ya wasiotumiwa, ambayo mfumo unaiangalia kabla ya kila utumaji. Inabaki anwani peke yake, bila jina wala alichonunua.

Kisutu

Hili la orodha ya wasiotumiwa ni kinyume cha watu wanavyofikiri, ila ni kweli tupu.

SafariPosta

Sisi wa utalii tuna mzigo wa ziada. Tovuti ikitangaza safari za Mikumi na Nyerere kwa bei ya yuro, kwa Kijerumani, inawalenga watu wa Ulaya, na GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika 2018, inakufuata hadi Mtaa wa Samora. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ridhaa. Kwa kuki (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kifaa cha mgeni), ridhaa ije kabla: msimbo wa kuhesabu wageni usiwake mpaka abonyeze kubali. Tovuti nyingi zinaonyesha bango la kuki huku kuki zimeshaingia, bango ni danganya toto.

Kwa Marekani ni kinyume, sheria yao ya barua za matangazo, CAN-SPAM ya 2003, inaruhusu utume kwanza, mradi uweke anwani ya posta na umwondoe anayekataa ndani ya siku 10 za kazi. Ukiwa na wageni wa pande zote, fuata iliyo kali, usiendeshe orodha tatu.

WakiliUpanga

Na ya nyumbani msiisahau. Mkusanyaji na mchakataji wanatakiwa wajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukipakia orodha kwenye huduma ya kutuma barua ambayo seva zake ziko nje ya nchi, umesafirisha taarifa nje, na kanuni za 2023 zina utaratibu wa kibali. Tume inaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100. Watu wanadhani kusafirisha taarifa ni mambo ya benki, kumbe ni kubonyeza "Pakia" tu.

Kuhusu tiki, nasogea kidogo. Naweza kukubali kisanduku cha kukataa: "Tutakutumia ofa za vipuri vya breki mara moja kwa mwezi. Tia tiki kama hutaki." Kiwe juu ya kitufe cha Lipa, herufi sawa na za fomu. Hapo masharti manne yanatimia.

Kisutu

Bado kinamtegemea asiyesoma. Mimi nabaki kwenye tupu. Ila nakiri chako kina ushahidi: mnahifadhi tarehe, saa, na maneno halisi yaliyokuwa kwenye fomu siku ile. Fomu ikibadilishwa maneno, toleo la zamani litunzwe.

FundiSeva

Mwongeze na kuthibitisha anwani kwa kiungo. Watu huandika gmail.con, au wanasahau nukta. Anwani iliyokosewa inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, na ankara yenye jina na mahali anapoishi mteja imemfikia asiyehusika. Na ukurasa wa kujiondoa usimwondoe mtu kwa kufunguka tu: programu za usalama za maofisini hufungua viungo vyenyewe kukagua virusi, unakuta wateja wamejiondoa bila kujua. Ndiyo maana mbofyo mmoja wa Gmail unatumia ombi la POST, ambalo halitumwi kwa kufungua kiungo tu.

MtaaWaKongo

Sawa, kwa wateja wapya naweza kuishi na cha wakili. Swali langu ni orodha iliyopo. Duka lina anwani elfu nne za miaka sita, hakuna anayejua zilipatikanaje. Nitume barua moja kuomba ruhusa?

BintiTandika

Zichambueni dhidi ya ankara kwanza. Zisizo na ankara wala kumbukumbu yoyote, futeni, hamna cha kujitetea nacho. Za mwaka mmoja uliopita ndizo za kuuliza, kwa mafungu ya 200 kwa siku, na kila inayorudi na kosa la 550 kwamba kikasha hakipo itoke siku hiyo hiyo. Asiyejibu amekataa.

Kisutu

Hata hiyo barua moja ya kuomba ruhusa, kwa mtu ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kukataa, ni ujumbe wa kibiashara usioombwa. Wakili, nipinge.

WakiliUpanga

Kama ndani yake kuna hata punguzo la asilimia 5, sikupingi. Ikiuliza tu, bila bei wala picha ya bidhaa, nitamtetea mwenye duka, ingawa sitamwahidi kushinda.