Bakapu za bildi zenye matoleo: kukopi kwa mkono, Ludusavi, Syncthing au Git?

kibatari_gamer:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye gemu la Elden Ring kwenye PC, nina bildi (mpangilio wa sifa na vifaa vya mhusika) ya Intelligence, yaani ya uchawi, inayolaza mabosi vizuri tu ila nataka niigeuze iwe ya bleed (kumwaga damu ya adui) kwa sifa ya Arcane, na zile Larval Tear za kumpa Rennala ili akupangie upya pointi za sifa zina idadi yake, zikiisha mpaka uanze safari upya. Kwa hiyo kabla ya kila jaribio nataka niweke toleo, niweze kurudi la juzi au hata la mwezi uliopita. Steam Cloud (Steam kukuwekea sevu, yaani faili la maendeleo ya gemu, mtandaoni) ninayo. Nasikia wengine wanakopi folda, wengine Ludusavi (programu ya bakapu za sevu), Syncthing (inayosawazisha folda kati ya vifaa), Git (inayotunza matoleo ya faili)... mnatumia ipi?

mtaa_wa_saba:
Steam Cloud iweke pembeni mkuu, hiyo si bakapu ya matoleo. Kazi yake ni kuhakikisha mashine zako zote zina sevu ya mwisho, sasa ukiharibu leo inapandisha huo uharibifu, kesho unafungua laptopu nyingine unaukuta huko unakusubiri.

Mi nakopi kwa mkono. Nenda %APPDATA%\EldenRing, kuna folda yenye namba ndefu ya akaunti yako ya Steam, humo ndo kuna ER0000.sl2. Funga gemu kabisa kwanza, kopi folda nzima, ipe jina la maana kama 2025-03-14_INT_kabla_ya_bleed. Anza na mwaka ili zijipange zenyewe. Faili lenyewe halifiki hata MB 30, flashi ya GB 16 utaijaza lini?

dada_pixel:
Mkono sawa ila mkono husahau 😄 Ludusavi ni ya bure, ipo Windows, Linux na Mac, na inajua yenyewe sevu za magemu kibao zinakaa wapi maana inachota taarifa kwenye tovuti ya PCGamingWiki. Ila kuna kitu wengi hawakioni: ukishaiweka tu inakuja imepangwa ibaki na bakapu kamili MOJA kwa kila gemu, yaani ukipiga ya pili ile ya kwanza kwaheri. Ingia kwenye mipangilio upandishe hiyo namba, mie nimeweka 20. Na kila bakapu unaweza kuiandikia maelezo na kuipiga kufuli isifutwe, kwa mtu wa mabildi hapo ndo penyewe.

msee_commit:
Nyinyi mnaogopa Git bure tu. Naweka folda, nafanya commit (kuhifadhi toleo) na ujumbe "kabla ya bleed", nikitaka kurudi nyuma ni amri moja. Kuna nini ngumu hapo buda?

dada_pixel:
Si ngumu kaka, ila .sl2 ni faili la binari, si maandishi ya kusomeka, Git haiwezi kukuonyesha Vigor (sifa ya uhai) ilikuwa ngapi na sasa ngapi, na historia inazidi kunenepa kila commit. Kwa Path of Building, programu ya kupanga bildi za gemu la Path of Exile, nakuunga mkono kabisa maana bildi zake ni XML, maandishi matupu, unaona mstari kwa mstari ulibadilisha jiwe gani, ulihamisha pointi ipi. Ila hapo unahifadhi mpango, mhusika mwenyewe wa Path of Exile yuko kwenye seva, huyo humrudishi popote.

msee_commit:
Hiyo ya XML nimekubali. sl2 nitaendelea kucommit hata hivyo, diski ni yangu 😂

bahari_ya_zamani:
Wote mmeruka jambo kubwa. ER0000.sl2 ni faili moja lenye wahusika WOTE, nafasi zote 10. Ukirudisha toleo la juzi ili umpate mchawi wako, yule shujaa wa Strength uliyecheza naye jana usiku naye anarudi juzi, alichookota chote kimepotea. Kwa hiyo kibatari, kabla ya KURUDISHA piga bakapu ya hali ya sasa pia, halafu wakati unajaribu bleed usiguse mhusika mwingine hadi uamue.

Linganisha na Diablo II: Resurrected ya nje ya mtandao, kule kila mhusika ana faili lake la .d2s, unamrudisha mmoja wengine hawajui. Ila sanduku la pamoja ni faili tofauti, ukirudisha mhusika bila sanduku vitu vitapotea au vitajirudia, chukua vyote viwili vya saa ile ile.

kibatari_gamer:
Duh hiyo ya nafasi 10 sikuifikiria kabisa, asante mkuu. Na Steam Cloud haitanigomea nikirudisha la zamani?

bahari_ya_zamani:
Izime kwa gemu hilo kabla ya kurudisha. Ukiiwasha tena ikakuuliza uchukue ya wapi, chagua ya kwenye mashine. Na usihangaike na sevu ya rafiki, imefungwa na akaunti yake, gemu litaikataa.

bando_limeisha:
Syncthing hamjaizungumzia na kwa sisi wa bando ni tamu, inapitia waifai ya nyumbani hata intaneti ikiwa imekata. Ila elewa inavyotunza matoleo: inaweka la zamani pale badiliko linapotoka kifaa KINGINE, unachobadilisha kwenye mashine hiyo hiyo haikitunzii toleo. Kwa hiyo matoleo yawashe upande wa pili, kwenye ile PC kuukuu, chagua "staggered" ibakize mengi ya karibuni na machache ya zamani.

chipukizi_ps5:
Na sisi wa PS5 je?

mtaa_wa_saba:
Sevu za gemu za PS5 hazikopiki kwenda flashi dogo, zile za PS4 ndo zinakubali. Mna hifadhi ya mtandaoni ya PS Plus ya kulipia, nayo haikupi foleni ya matoleo. Mi ningepiga picha ukurasa wa status na vifaa vya mhusika kabla ya kwenda kwa Rennala, angalau utajua pa kurudi.