Jamaa "asiyekula nyama" kachomoa kipande changu kwa VIDOLE, halafu kasema imezidi sukari

Wakuu, leo salamu sina. Mods msiunganishe uzi huu na ule wa mapishi, huu ni msiba.

Nipo Pudu, Kuala Lumpur, nimesimama hatua kumi kutoka kibandani. Naandika kwa kidole gumba kimoja, cha pili bado kina mafuta. Jina simtaji, na sina haja ya kumtaja. Mliopita Malaysia wote mnamjua: yule wa "mimi siku hizi sili nyama". Yule wa chupa ya maji yenye vipande vya tango ndani. Eeh, huyo huyo.

IMEZIDI SUKARI. Subirini kwanza nipumue.

Mtu umeamka saa kumi na moja alfajiri siku ya Jumapili, umedandia treni Bukit Jalil mpaka Pudu, yote kwa sababu ya sahani moja ya wantan mee na char siu. Kwa msioijua: ni tambi nyembamba za mayai zilizotiwa maji ya magadi, ndiyo maana zina ukakamavu, ukizivuta zinarudi kama raba ya manati. Anti anazitumbukiza kwenye maji yanayotokota, anazitoa, anazichovya kwenye maji baridi, anazirudisha motoni mara moja, kisha anazibwaga sahanini penye sosi nyeusi ya soya na mafuta ya mdudu mwenyewe, yaani nguruwe. Pembeni chainizi, kibakuli cha supu chenye wantan (vifuko vya unga vyenye nyama ndani) zinaelea, na pilipili za kijani zilizolala kwenye siki. Juu ya yote hayo sasa ndipo anapokaa mwenye mji: kitimoto iliyolowekwa viungo, ikapakwa utamu, ikaning'inizwa kwenye ndoano ndani ya tanuri mpaka kingo zikaungua zikang'aa kama viatu vya askari wa gwaride.

Utamu ule ni wa MAKUSUDI. Ndiyo char siu hiyo. Ni sawa na mtu ashuke Kariakoo, anywe kahawa ya kashata, halafu amwambie mzee wa birika kwamba imezidi uchungu.

Foleni dakika hamsini. Ile haikuwa foleni, ilikuwa kujiandikisha kupiga kura. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja kabeba vyombo vyake kutoka nyumbani, nadhani anafungiwa ukoo mzima pamoja na marehemu. Na muda wote huo huyu bwana yuko ubavuni kwangu anahutubia. Minyoo. Lehemu. Presha. Mjomba wake wa Moshi aliyeuawa na kitimoto (nikamuuliza, siyo yule aliyegongwa na pikipiki? Akanywa maji ya tango). Nikamwambia basi agiza tambi tupu. Akasema hapana, tumbo limefunga, yeye amekuja kunisindikiza tu.

KUNISINDIKIZA.

Nikafika mbele. Nikamwomba anti anipe yenye mafuta na iliyoungua. Ukiagiza hivyo anakutazama upya, anajua huyu si mtalii. Akatungua mnofu kwenye ndoano, panga likalia kwenye ubao, pa pa pa pa, na kile cha mwisho kabisa, cha kona, nusu mafuta nusu nyama, kimeungua kama mkaa wa Kisarawe, akaniwekea juu kabisa. Nyuma yangu wakahudumiwa watu wanne, akaning'iniza kitambaa. Imeisha. Hata saa nne haijafika.

Tukakaa meza moja na mzee wa Kichina anayesoma gazeti lake, maana huku meza ni ya wote, ukiona stuli tupu unakaa. Kahawa ya huyo msindikizaji nimelipa mimi, hilo silisemi. Nikakisogeza kile kipande ukingoni mwa sahani. Nyie wote mnajua tulivyolelewa: unamaliza ugali na mchuzi, nyama ya mwisho. Hata mdogo wako wa miaka minne anajua kwamba kipande kilichosogezwa pembeni kina mwenyewe.

Nimebakiza tambi mbili. MBILI.

Mkono ukaja. Siyo vijiti, siyo uma, wala hakuuliza. Vidole. Vidole vile vile vilivyoshika bomba la treni tangu Bukit Jalil. Kikanyanyuka, nikakiona kinapita mbele ya macho yangu kama ndege ya asubuhi ya Dodoma, kikaingia kinywani mwa mtu ambaye hali nyama tangu Januari. Akafumba macho. Akatafuna kwa kituo. Akalamba kidole cha shahada, akalamba na gumba. Akatazama juu kama jaji anayetaka kusoma hukumu, akasema:

"Siyo mbaya. Ila imezidi sukari."

Wakuu, angekitafuna akanyamaza ningesamehe. Angesema njaa imemzidi, ningesema tumbo halina adabu. Lakini unilie kipande changu cha kona, kwa vidole, halafu UNIPE NA MAKSI? Nani kakuteua uwe mkaguzi?

Yule mzee wa Kichina hajui Kiswahili hata neno moja. Akavuta sahani yake mpaka kifuani na kuifunika kwa gazeti. Msiba hauna lugha, jamani.

Nikamwangalia tu. Akanigonga begani: "Aa, kipande tu mzee, usikasirike." Vidole vile vile, kwenye shati langu jeupe.

Imezidi sukari. IMEZIDI. SUKARI.

Nawasilisha.

Kobe Mwenye Haraka: Wa kwanza. Ngoja nisome.

Kobe Mwenye Haraka: Nimesoma. Mwanaume mzima, ndevu zote hizo, uzi mrefu kama hotuba ya bajeti kwa sababu ya kipande kimoja cha mdudu. Nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza nani amenitumia hela.

Fundi Antena: Uzi bila picha ni majungu.

Mleta uzi: Picha ya nini na chenyewe kimo tumboni mwake???

Shangazi wa Serdang: Mdogo wangu pole sana. Mimi huyo alikuja kwangu, akasema hali nyama, atakula "mchuzi tu". Nikaona kijana ana nidhamu. Usiku naosha sufuria nakuta mapaja mawili, na niliweka manane. Tangu lini mchuzi ukatemewa mifupa nyuma ya kochi?

Mleta uzi: Ahsante shangazi. Ahsante. Kumbe ana rekodi.

Mangi Asiyekopesha: Mleta mada na wewe usijifanye malaika. Ile send-off ya Cyberjaya nani alitoka na foili mbili ndani ya koti? Tulikupa lifti, gari limenuka pilau wiki nzima.

Mleta uzi: Yale yalikuwa MABAKI. Hapa tunaongelea kona iliyoungua. Usichanganye mafaili.

Msafiri wa Xiaobei: Nisahihishe kitu kidogo. Hizo tambi asili yake ni huku Guangzhou, na huku mtu analetewa kwenye supu safi, zinaogelea. Huo mtindo wenu wa KL wa kuzikausha na kuzipaka sosi nyeusi ni mambo ya wajukuu walioondoka kwa meli. Labda ndiyo maana imezidi sukari.

Mleta uzi: NANI KASEMA IMEZIDI SUKARI

Shangazi wa Serdang: Msafiri, wajukuu wakipika vizuri kuliko babu, babu anyamaze ale. Nimeishi kote kuwili. Zile za supu ukichelewa dakika tano kupiga picha zimevimba kama minyoo ya mvua.

Msafiri wa Xiaobei: Shangazi nani kakwambia upige picha? Kula!

Ndizi Mzuzu: Nyie mnalia kipande. Sisi huku Sinza tunaibiwa kilo nzima huku tukiangalia. Unapimiwa mbichi mbele ya macho yako, mshale kilo moja kamili, inaingia jikoni, inakaa huko kama mtu aliyekwenda kuomba mkopo, inarudi imekuwa konzi moja. Ukiuliza unaambiwa "bosi, nyama inasinyaa".

Fundi Antena: Inasinyaa kuelekea kwenye sahani ya mchomaji.

Otieno wa Roysambu: Poleni majirani. Hapa Nairobi shida ni mutura, ile soseji ya utumbo ya kuchomwa. Unaambia jamaa akukatie ya hamsini, wenzako watatu wanasema "wacha nionje tu". Ukigeuka kuchukua kachumbari, unakuta ubao umebaki na chumvi. Na hao waonjaji ndio wa kwanza kusema ilikuwa na moshi mwingi.

Mleta uzi: UMEONA?? Wanakula halafu wanakosoa! Otieno wewe ndiye mtu pekee humu.

Otieno wa Roysambu: Asante bro. Ila na wewe dakika hamsini kwenye laini ya tambi ni ujinga kiasi.

Mgeni Mwema (amejiunga leo): Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mgeni kabisa na sihusiki na lolote hapa. Nilitaka tu kuchangia kwamba kwa uzoefu wangu char siu ya eneo la Pudu siku hizi inazidishwa sukari, na mtu anayejali afya ana haki ya kusema. Pia maji ya tango yana faida nyingi mwilini.

Mleta uzi: NI YEYEEEEE

Mleta uzi: Mods angalieni huyo mtu anaandika kutoka wapi. Yuko ule upande wa pili wa barabara karibu na matunda, NAMWONA AMESHIKA SIMU.

Kobe Mwenye Haraka: Mkuu usiwatishe wageni. Karibu sana Mgeni Mwema, jisikie nyumbani.

Mgeni Mwema: Ahsante ndugu. Kuna watu wana roho ndogo sana juu ya chakula.

Mpambanaji wa Gongo la Mboto: Samahani nipo nje ya mada kidogo. Huko Malaysia bodaboda inalipa? Nina leseni daraja A na passport iko mbioni.

Shangazi wa Serdang: Mdogo wangu usije kwa mtindo huo, utafute kibali cha kazi kwanza, bila hicho utarudishwa na nguo ulizovaa.

Mangi Asiyekopesha: Ndizi Mzuzu, ngoja nijibu lile la kilo maana mnatuonea wenye biashara. Nyama ya nguruwe ina mafuta na maji, ukiichoma yanatoka. Mlitaka yabaki wapi? Mnataka tuchome kwa mwanga wa mwezi?

Ndizi Mzuzu: Mangi, mafuta kutoka sawa. Na mbavu nazo zimeyeyuka? Niliingiza kilo yenye mbavu nne, ikatoka na moja. Mbavu inasinyaa?

Fundi Antena: Hapo Mangi kashikwa.

Mangi Asiyekopesha: Kama hamtaki, simameni jikoni na mchomaji mpaka iive.

Ndizi Mzuzu: Nilisimama. Akaniomba nimsogezee chumvi. Nikageuka.

Otieno wa Roysambu: Hiyo chumvi. Huwa ni hiyo chumvi kila mahali.

Mleta uzi: Jamani mimi bado nipo hapa Pudu. Anti kaanza kuosha masufuria. Yule bwana kavuka barabara, anakuja huku anatabasamu, anauliza kama nina hela ndogo ya treni.

Ndizi Mzuzu: Mkuu subiri kidogo. Mangi, na kachumbari mmeanza kuitoza tangu lini?