Mrejesho: Domeni ya ofisi imehamia Windows Server 2022

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuitoa domeni yetu (mfumo unaosimamia watumiaji na kompyuta za ofisi kwa pamoja) kwenye Windows Server 2008 R2, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Imekubali!

Kumbe mchawi alikuwa SYSVOL, folda ya sera na skripti za domeni ambayo seva zake hunakiliana. Domeni ilizaliwa enzi za 2003, bado inatumia FRS, njia ya zamani ya kunakili folda hiyo, basi seva mpya ikagoma kabisa kuwa kidhibiti cha domeni (seva inayoiendesha domeni). Nikapandisha kwanza ngazi ya domeni hadi 2008, kisha nikahamia DFSR, njia mpya ya kunakili, kwa amri ya dfsrmig, hatua moja moja hadi ya 3. Usiharakishe hapo. Majukumu matano ya FSMO (kazi maalumu za domeni ambazo kila moja hushikwa na seva moja tu) yalihama kwa dakika chache tu.

Kilichonitoa jasho ni printa: ziliwekewa kwa mkono anwani ya seva kuukuu kama DNS (huduma ya kutafuta kompyuta kwa majina), skani zikawa hazifiki kwenye folda. Asanteni sana.