Kurudi Dar kufundisha mpira: leseni ya huku inatosha?

Kutoka: Enschede

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Niko Uholanzi mwaka wa kumi sasa. Goti lilinitoa uwanjani nikiwa na miaka 27, na tangu hapo mchana nipo ghalani, jioni nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 kwenye klabu ya mtaa. Nina UEFA C, leseni ya ukocha ya Ulaya. Treni ikipita Almelo huwa namfikiria Sunday Manara, aliyetoka Dar akaja kuichezea Heracles, klabu ya hapo, miaka ya sabini, nami roho inanituma nirudi nilikotoka. Mwakani nataka kuhamia Dar niishi kwa ukocha. Je, TFF, shirikisho letu la mpira, wataipokea leseni hii? Nikifika nianzie wapi?

---

Kutoka: Temeke

Marahaba mdogo wangu. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu mimi sikuuliza, na iliniuma.

Nilicheza Dar misimu minne, nikaenda Muscat mwaka 2006. Mkataba ulikuwa kurasa tatu za Kiarabu, nikausaini juu ya boneti ya gari nje ya uwanja. Msimu wa pili mishahara ya miezi mitatu haikutoka, na nilipotaka kudai sikuwa na nakala hata moja. Nikarudi Temeke na begi la viatu, nikiamini jina langu litanipa timu ya kufundisha. Halikunipa. Kozi ya awali ya ukocha ilipotangazwa, niliona aibu kukaa darasani na vijana niliowazidi miaka kumi, nikaacha. Mwaka ule naujutia kuliko mishahara ya Muscat.

Kuhusu leseni: CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wana ngazi zao, D, C, B, A na Pro, na usidhani herufi ya Ulaya ni sawa na herufi ya Afrika. Mwaka 2021 Didier Gomes alikuwa kocha mkuu wa Simba, ana UEFA A, na CAF wakasema haitoshi kwa mashindano yao. Kama klabu kubwa vile ilikwama, sisi wa chini tusibahatishe. Nenda ofisi za TFF pale Karume, Ilala, uonane na watu wa ufundi, wakuambie leseni yako inalinganishwa vipi na ngazi gani utaingilia. Wakikuambia uanze kozi ya chini, kaa uisome.

Usisikilize wanaosema mchezaji mzuri hawi mwalimu mzuri. Kibadeni alifunga matatu peke yake Simba ilipoipiga Yanga 6-0, Julai 19, 1977, na mwaka 1993 ndiye alikuwa benchi Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF. Nilikuwepo uwanjani siku ya marudiano, mtoto wa miaka kumi na moja. Stella Abidjan walitufunga mbili, tukatembea kurudi nyumbani hakuna aliyefungua mdomo. Mkwasa naye alitoka kuichezea Yanga, akaja kuwapeleka Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, fainali za Afrika za 2010 kule Afrika Kusini, baadaye akaishika Taifa Stars. Hawa walisoma.

Jambo moja watu wanalidharau: daftari. Mimi nina watoto 22 na mipira mitano, miwili imeshonwa na fundi viatu. Lakini kila mtoto ana ukurasa wake: tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoanza, siku aliyoondoka. FIFA wana fidia ya mafunzo inayohesabu miaka kuanzia 12 hadi 21, na mchezaji akiuzwa nje, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kituo ambacho hakijasajiliwa na hakina kumbukumbu hakiwezi kudai. Sajili kwanza, jezi baadaye.

---

Kutoka: Rotterdam

Kaka wa Enschede, naongezea mambo ya huku. Usiondoke bila VOG, ile hati ya tabia njema, maana mzazi yeyote makini atataka kujua nani anabaki na mwanawe uwanjani. Omba klabu barua yenye mhuri inayotaja miaka uliyofundisha na umri wa watoto. Vyote vitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa kabla hujafunga mizigo. Ukishafika Dar kumpata wa Kiholanzi ni shida.

Na paspoti je? Kama ulishachukua uraia wa huku, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Fuatilia kibali cha kazi na cha ukaazi mapema. Usiingie na viza ya matembezi ukaanza kufundisha.

---

Kutoka: Enschede

Ahsanteni sana, kaka na dada. Bado nina paspoti yetu. Barua nitamwomba katibu wa klabu Jumamosi baada ya mechi, na VOG ninayo ya miaka mitatu nyuma, nitaomba mpya.

Kaka wa Temeke, nimesoma ile habari ya mwaka uliouacha mara mbili. Kozi ya chini nitakaa. Klabu hapa inabadilisha mipira kila msimu, nimeomba ile ya zamani, namba nne, minane. Nitaitoa upepo niipange kwenye begi. Niongeze nini, pampu au sindano?

---

Kutoka: Temeke

Sindano. Leta nyingi, huku zinakatikia ndani ya mpira.