Mjadala: Je, mgonjwa wa mawe kwenye figo atibiwe kwa Ayurveda pekee?

Mtoa mada

Ndugu zangu, nafungua mjadala huu kwa sababu kila tunapozungumzia mawe ya figo tunagawanyika papo hapo: wapo wanaoiona Ayurveda, tiba ya asili ya India, kuwa tiba iliyokamilika, na wapo wanaoiona kuwa ushirikina uliotiwa kwenye kopo lenye nembo. Mimi naona pande zote mbili hazijawasikiliza wenye tiba yao. Sushruta Samhita, kitabu cha kale cha upasuaji wa Kihindi, kinauita ugonjwa huu ashmari na kuufananisha na mauti. Ukiwa mchanga, kinasema, unatibika kwa dawa, lakini ukishakomaa unastahili kisu. Kinaeleza hata namna ya kulitoa jiwe la kibofu, na kinamtaka mpasuaji aombe kwanza idhini ya mfalme, kwa kuwa asipopasua mgonjwa atakufa, na akipasua hakuna mwenye uhakika.

Kilichobaki madukani leo ni nusu ya kwanza ya mafundisho hayo, yaani mitishamba: pashanabheda, ambayo jina lake lina maana ya mvunja mawe, varuna, punarnava, na gokshura, ambayo ni mbigili ile ile inayotuchoma nyayo tukitembea peku. Nusu ya pili, inayomtaka tabibu atambue jiwe limefikia wapi kabla ya kuchagua dawa au kisu, haiuziki kwenye kopo. Ndiyo maana nauliza: je, ni sawa tabibu wa Ayurveda aachwe amtibu mgonjwa wa mawe peke yake, bila picha ya figo?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umezungumza kana kwamba tabibu huyo ni mchuuzi wa kituo cha mabasi. India ina shahada ya Ayurveda inayochukua miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, na tangu 2014 ina wizara kamili ya tiba za asili. Novemba 2020 kanuni mpya ziliorodhesha aina 58 za upasuaji ambazo wahitimu wa ngazi ya juu wa Ayurveda wanafunzwa kuzifanya. Chama cha madaktari kilipinga na kuitisha mgomo tarehe 11 Desemba mwaka huo. Mgomo haukunishangaza, maana hakuna fundi anayefurahi kuona fundi mwingine akifungua karakana jirani.

Isitoshe, hospitali hulitoa jiwe lakini haiondoi kilicholileta, na wagonjwa wengi hurudi na mawe mapya baada ya miaka michache. Mkulima wa Gujarat au Rajasthan, anayeshinda juani na kunywa maji kidogo, anahitaji mtu wa kumrekebishia maisha ya kila siku, na hapo Ayurveda ina mengi ya kusema. Mama mkwe wangu alikunywa supu ya kulattha, zile kunde ndogo ambazo Waingereza waliwalisha farasi, kwa wiki tatu, na jiwe likatoka.

Mchangiaji wa pili

Kaka, nampa pole mama na namshukuru Mungu kwa kupona kwake. Hata hivyo, katika kila mawe 100 yasiyozidi milimita 5 yaliyoshuka kwenye mrija wa mkojo utokao figo kwenda kibofu, takriban 68 hutoka yenyewe, kwa hiyo chochote atakachokunywa mgonjwa wiki hizo, hata madafu, kitasifiwa. Dawa ya mitishamba ya Cystone, inayojulikana sana India, ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa wachache, matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha kwamba ilibadilisha mkojo wala kupunguza mawe. Maji peke yake yana ushahidi mzito zaidi: katika utafiti wa Italia wa 1996, watu 199 waliowahi kupata jiwe mara moja walifuatiliwa kwa miaka mitano, na waliohimizwa kunywa maji mengi walirudiwa na jiwe kwa asilimia 12, wenzao kwa asilimia 27.

Kinachoniogopesha zaidi ni maumivu yanapokoma. Kaka yangu mkubwa alikoroga unga wa kahawia kwenye maji ya vuguvugu kila alfajiri kwa miezi minne. Kiuno kikaacha kuuma, akatangaza amepona. Picha ilipopigwa, jiwe lilikuwa limeziba mrija pale pale na figo imevimba kwa mkojo uliokosa njia. Tena, dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti zilipopimwa, kama ilivyochapishwa 2008, takriban moja kati ya tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, na risasi nayo ni adui wa figo.

Mtoa mada

Dada, hoja ya maumivu kukoma imenigusa kuliko zote. Naongeza tu kwamba mawe hayafanani: la asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa kupunguza ukali wa mkojo, tena kwa dawa ya hospitali, ilhali la kalsiamu oksaleti, ambalo ndilo la wengi, haliyeyuki hivyo. Anayeahidi kuyeyusha kila jiwe hajui anachoyeyusha. Kwangu mimi, anayependa supu ya kulattha na ainywe, mradi apigwe picha kabla na baada, na akipata homa au mkojo ukikata asingoje kesho. Kaka, jiwe la mama mkwe wako lilikuwa na milimita ngapi alipoanza?

Mchangiaji wa kwanza

Nimempigia simu sasa hivi. Hakupigwa picha yoyote kabla. Jiwe lenyewe analo, amelihifadhi kwenye kichupa cha dawa ya macho, na anasema ni dogo kuliko punje ya mtama. Bado sikubali kwamba supu haikusaidia, lakini nimemwomba aende akapigwe picha ya figo zote mbili wiki hii.