"GB 4 ni GB 4": huyu jamaa wa kupima kadi ametuona mazezeta

MpigaSolda (mwanzisha uzi)

Wakuu, hasira nilizonazo zinaweza kuchemsha maharage. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, ukishaona kile kiti chekundu na taa za rangi saba ukutani unajua ni nani. Leo asubuhi kaweka tathmini ya kadi ya grafiki ya "GTX 1050 Ti GB 4", kaipa tisa kwa kumi. Watu wakamuuliza kwa adabu kabisa mbona hajafungua GPU-Z, ile programu inayosoma kadi, tuione chipu. Jibu lake: "Nyinyi mnajifanya mainjinia. GB 4 ni GB 4."

GB 4 ni GB 4! Kwa hesabu hiyo bajaji yenye lita nne za mafuta na Scania yenye lita nne zinavuta tela moja kupanda Kitonga.

Kadi yenyewe kaigeuza mbele ya kamera dakika nzima. Nyuma ina HDMI, DVI, na lile tundu la buluu la VGA lenye vishimo kumi na tano. Kaligonga kwa ukucha mara mbili, ko ko, akasema hiyo ni faida, mwenye monita ya zamani hahitaji adapta. Aisee! Chipu ya 1050 Ti inaitwa GP107, kizazi cha Pascal, ya mwaka 2016. Pascal haina kabisa sehemu ya kutoa mawimbi ya analogi. Tundu la buluu limesimama pale linapiga mayowe "mimi siyo 1050 Ti jamani", na yeye analigonga kwa ukucha!

Hivi vimeo vinajulikana miaka mingi. Wanachukua GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, chipu za kizazi cha zamani cha Fermi, wanaifuta bayosi yake (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) na kuiandikia nyingine yenye jina la 1050 Ti, wanavalisha kava jipya na feni mpya. Windows inasoma jina iliyopewa, basi. Halisi ina kori 768, nanomita 14, GDDR5 ya njia ya biti 128, kasi ya memori GB 112 kwa sekunde, na inakula wati 75 tu. Feki ina kori 192, nanomita 40, na inakula zaidi ya wati 100. Zile GB 4 zimeandikwa kwenye bayosi tu, ndani mara nyingi kuna GB 1. Gemu itafunguka, menyu itaonekana safi, ila ukiingia mahali penye majengo mengi memori ikavuka ile GB 1 ya kweli, skrini inakuwa nyeusi. Unajua kwa nini kwenye video haikuzima? Kakaa kwenye menyu!

Na draiva je? Fermi ilikatiwa draiva za gemu mwaka 2018, mwisho wake ni familia ya 391. Ndiyo maana kadi hizi huja na CD ya draiva iliyochezewa. Siku Windows ikijisasisha yenyewe unakutana na Code 43, kosa la Windows kuikataa kadi, kwenye Device Manager, na muuzaji anakwambia umeishika vibaya.

Kumkamata mwongo ni dakika moja. Pakua GPU-Z, bure, haihitaji hata kuinstoli. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 inaandika [FAKE] mbele ya jina la kadi yenyewe, kwa herufi kubwa, hata kipofu ataambiwa na jirani. Hata ukiwa na toleo la zamani, angalia sehemu ya GPU. Ukiona GF106 au GF116 badala ya GP107, ukaona 40 nm badala ya 14, ukaona Shaders 192, chomoa mrudishie muuzaji kabla hujalipa. Programu moja, dirisha moja, na mtu anayeaminiwa na nusu ya vijana wanaodunduliza hela za kadi nchi hii kashindwa kuifungua. Halafu GB 4 ni GB 4.

SautiYaFeni

Nakazia mkuu. Rudini dakika ya sita, sitisheni hapo anapozungusha kamera nyuma ya keshi. Kebo ya HDMI imechomekwa JUU, kwenye mazabodi, karibu na matundu ya USB! Kadi iko chini, haina kebo hata moja. Yaani kinachochora pale huenda ni grafiki ya ndani ya prosesa. Mtu kapima kadi ambayo pengine haikufanya kazi yoyote, akaipa tisa.

Kibanda cha Gemu

Povu lote hili unafulia sabuni gani mkuu? Mteja wa kadi ile anataka mpira na magari basi. Wewe unamletea nanomita. Nenda kafungue chaneli yako tukuone.

MpigaSolda

Mteja wa mpira ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hana hela ya kununua mara ya pili! Na sijaongelea nanomita, naongelea jibu. Kaulizwa kistaarabu, kajibu GB 4 ni GB 4. Wewe umeona sawa hilo?

Mama Transista

Kaka MpigaSolda, hoja yako ni ya kweli ila usiwape watu kipimo cha nusu. VGA peke yake ikutie shaka tu, kwa sababu kuna watengenezaji wanaoweza kubandika chipu ndogo ya kugeuza dijitali kuwa VGA. Wala msitumie tundu la umeme la pini sita kama ushahidi, kuna 1050 Ti halali zinazo na kuna zisizo nazo. Ushahidi ni GPU-Z, na baada ya hapo programu ya OCCT, kipimo cha VRAM (memori ya kadi), iache ijaze memori yote. Kama GB 4 ni za kweli itafika mwisho bila kosa. Kama ni GB 1, haimalizi.

Mimi kinachonichoma ni kadi HALALI zenye jina moja na roho mbili. GT 1030 ya GDDR5 ya 2017 inasukuma GB 48 kwa sekunde. Ya DDR4 ya mwaka uliofuata inasukuma GB 16.8. Boksi linafanana, zote GB 2. Na hiyo GT 730 ya GB 4 mnayouziwa kila duka ndiyo msiba kabisa: kuna ya Fermi yenye kori 96, kuna ya Kepler, kizazi kilichofuata, yenye kori 384 na DDR3 ya biti 64, kuna ya GDDR5. GB 4 za DDR3 kwenye biti 64 ni pipa la maji lenye bomba la kalamu. Soma Memory Type na Bus Width kwanza, ukubwa wa memori uje mwisho. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Rendeleo

Afadhali nyie wa gemu. Njooni huku kwa wachora ramani. Tangazo linasema "wekisteshini, Quadro 4000". Ipi? Kuna Quadro 4000 ya 2010, ni Fermi, kori 256, GB 2, wati 142. Kuna K4000 ya GB 3, kori 768. Kuna P4000 ya GB 8, kori 1792. Kuna Quadro RTX 4000 ya Turing, GB 8, kori 2304. Muuzaji anaandika "Quadro 4000" na picha ya RTX. Ile ya kwanza hata Blender, programu ya kuchora 3D, iliitupa tangu 2.80, injini yake ya Cycles haiigusi, utarenda kwa prosesa mpaka Krismasi ya mwakani. Herufi moja kabla ya namba ndiyo bei yote, na wanaificha hiyohiyo.

Mzee wa Pini Sita

Hamjaona uhuni bado. Uhuni ni OptiPlex 9020 za ofisini zinazofungwa taa za rangi zikaitwa "geming". Ile ndogo ina pawa saplai ya wati 255, ya mnara ina 290, zote hazina waya wa pini sita wa kadi. Na huwezi kuweka pawa saplai ya kawaida hivihivi, mazabodi yake inapokea pini 8, siyo 24, lazima kebo ya kugeuza. Sasa wajanja wanafanyaje? Wanatoa umeme kwenye plagi ya SATA ya hard disk wanaugeuza kuwa pini sita. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imepimwa ampia 4.5, yaani wati 54. Pini sita inaruhusiwa kuvuta 75. Fungueni mfuniko muone: plastiki ya ile plagi inaanza kuwa kahawia upande wa waya wa njano, inanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nailoni, kisha inaungua. Humo weka kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, isiyozidi wati 75, tena kwa ile ndogo iwe fupi ya kimo. Wachana na mengine.

Kibanda cha Gemu

Wewe mzee unawatisha watu. Ndio maana tunawawekea RX 6500 XT ya 2022, siyo hayo makapi ya 2011.

SautiYaFeni

@Kibanda cha Gemu mnaiweka kwenye mazabodi gani? Jibu.

Kibanda cha Gemu

H81 safi, ya Intel gen 4, haina shida.

SautiYaFeni

Umeona sasa! RX 6500 XT ina njia nne tu za PCIe, zile zinazounganisha kadi na mazabodi. Kwenye PCIe 4.0 inapata kama GB 8 kwa sekunde, kwenye 3.0 inapata 4, na H81 ni PCIe 2.0, kwa hiyo GB 2. Kadi yenyewe ina memori GB 4, ikijaa inaanza kuazima RAM kupitia hiyo njia ya panya, gemu inakata kata kila ukigeuka. Na inataka waya wa umeme juu yake. Na haina sehemu ya kurekodi video, kijana anayetaka kurusha mechi mubashara umemmaliza. Fungua GPU-Z, soma Bus Interface, bonyeza ile alama ya kuuliza pembeni uipe kazi kidogo, maana ikiwa imetulia inaonyesha 1.1 ukadhani ni mbovu. Ikishashika kazi utasoma "x4 2.0" kwa macho yako.

MpigaSolda

Wakuu turudi kwenye mada. Kasema GB 4 ni GB 4. Kaligonga tundu kwa UKUCHA.

Rendeleo

Mkuu tumekusikia. Ila mazabodi ndiyo janga lenyewe. Hizi za kichina za "X99" unajua nyingi chipu yake ya chini imebanduliwa kwenye bodi za B85 au Q87? Fungua CPU-Z, ukurasa wa Mainboard, soma Southbridge utaona. Na wengine wanafunga i9-12900K kwenye H610 isiyo na hata kipande cha bati la kupooza juu ya VRM, sehemu inayoipa prosesa umeme. Ile prosesa ikikimbia inaweza kuvuta wati 241. Endesha Cinebench, kipimo cha prosesa, dakika kumi huku HWiNFO ya kusoma kasi iko wazi: dakika ya kwanza kasi iko juu, kisha inaporomoka na kubaki chini. Umenunua i9 unarenda kama i5.

Mama Transista

Na kabla ya hayo yote tazameni soketi. Bodi iliyotumika ya LGA, yenye pini kwenye soketi, toa mfuniko, mulika tochi kwa ubavu, siyo kwa juu. Ncha zote zinatakiwa zing'ae kwa mstari mmoja kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mahali mstari unapovunjika kuna pini imelala. Ndiyo hiyo inayofanya sloti moja ya RAM isisome, au kadi ikae x8 badala ya x16, na fundi anakwambia RAM mbovu. Ukitaka kuinua tumia kichwa cha penseli ya kubonyeza ya 0.5, toa risasi kwanza, ivishe pini, inua taratibu.

Dogo wa Mbagala

Shikamoo dada Transista. Na ya AM4 ya AMD je? Pini ziko kwenye prosesa, feni ukiing'oa inatoka na prosesa yake.

Mama Transista

Marahaba mdogo wangu. Usiing'oe ikiwa baridi. Washa mashine, ipe kazi dakika kumi gundi ya joto (thermal paste) ilainike, zima, chomoa waya ukutani, legeza kishikio, kisha zungusha feni kushoto kulia mpaka icheze yote, ndipo uinue. Ikishatoka na prosesa, usiipindue juu ya meza.