Uliwahi kupata ajali ukiwa dereva kijana? Ilikugharimu nini? Tupeane uzoefu

#1
Wadau, naanza mimi. Nilikuwa na miaka 19, leseni ina miezi mitano. Usiku, tuko watano garini, muziki juu. Kona ninayoipita kila siku kwa 50, siku hiyo niliiingia na 90. Nikakanyaga breki huku usukani nimeukata, gari likateleza na kuupiga mti kwa ubavu. Rafiki yangu aliyekaa upande ule alivunjika nyonga. Mimi nilitoka na mchubuko wa mkanda begani.

Gari la baba lilikuwa na bima ya mtu wa tatu tu, na bima hiyo haigusi gari lako mwenyewe. Tuliliuza kama skrepa, lakini mkopo wake uliendelea kukatwa kwenye mshahara wa mzee miaka miwili zaidi. Hakuwahi kunisema. Nilikuwa namsikia akitoka alfajiri kuwahi basi, nami najifanya nimelala.

Rafiki yangu anachechemea hadi leo. Leteni na zenu, hasa zile gharama ambazo hamkuzitarajia.

#2
Yangu ni simu. Ujumbe mmoja, tena mfupi. Kwa spidi ya 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, hivyo sekunde tatu za kuinama ni zaidi ya mita 60 ambazo hakuna anayetazama barabara. La mbele lilishasimama. Hakuna aliyeumia, ila bima ilipoisha nilitajiwa ada mpya nikakosa la kusema.

#3
Mimi nilikuwa abiria wa siti ya nyuma, sijafunga mkanda. Nilirushwa nikampiga kwa kichwa aliyekaa mbele, na yeye alikuwa amejifunga. Shingo iliyoumia ni yake.

#4
Nafanya kazi ya uuguzi. WHO wanasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29, na wodini inaonekana. Vijana huletwa kwa kundi, maana walikuwa pamoja. Dereva akizinduka, anauliza wenzake wako wapi. Kuna mmoja nilimjibu, "Tulia kwanza, mdogo wangu," akageukia ukutani. Alishaelewa.

#5
Pole sana #4. Na wewe #1, uliwahi kuongea na mzee?

#1
Mwaka jana. Nilimwambia zile alfajiri nilikuwa macho. Akasema alikuwa anajua.